Kibaba Hujazwa na Punje Kubwa kwa Ndogo

Mhadhara kwa mafundi wa ujenzi, walimu, wanafunzi na wakazi wa Kiambere, Kaunti ya Embu

Nimekuja Kiambere kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu hulishika mkononi kila siku, awe anapima ndengu sokoni, anakoroga zege au anachekecha unga. Jambo lenyewe ni pengo: ile nafasi tupu inayobaki kati ya punje na punje.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini methali haikusema kwamba haba zote ziwe za ukubwa mmoja, na hapo ndipo somo la leo lilipo. Kibaba cha punje za ukubwa mmoja hakijai kamwe. Ukishaelewa ni kwa nini, utajenga nyumba imara zaidi kwa saruji ile ile uliyonayo, na utajua ni nini hasa kinachoyazuia maji ya Mto Tana pale kwenye bwawa la Kiambere.

Ndoo iliyojaa haijajaa

Mezani hapa pana ndoo ya lita 20. Imejaa kokoto hadi ukingoni, kokoto zilizochekechwa zikawa karibu saizi moja. Nikiuliza kama ndoo imejaa, nyote mtasema ndiyo. Sasa namwomba huyu binti wa kidato cha tatu achukue jagi lenye alama na amimine maji polepole. Hesabuni naye. Lita moja, mbili, tatu. Bado maji hayaonekani. Sita, saba, nane. Sasa yameanza kung'aa kati ya mawe ya juu. Lita ya tisa, na ndoo imefika ukingoni.

Ndoo "iliyojaa" imemeza lita 9 za maji. Maana yake ni kwamba kati ya lita 20 tulizodhani ni mawe, mawe yenyewe yalikuwa lita 11 tu. Nyingine zilikuwa hewa. Aliyenunua ndoo hiyo amelipia hewa, na atakayeijengea atalazimika kuijaza hewa hiyo kwa kitu kingine.

Huenda mtu akasema tatizo ni ukubwa wa kokoto, na kwamba tukitumia punje ndogo pengo litapungua. Sivyo. Chukua gorogoro ya ndengu, kisha gorogoro ya mawele. Punje za mawele ni ndogo kuliko za ndengu, lakini sehemu ya hewa katika gorogoro hizo mbili inakaribiana sana. Mapengo ya mawele ni madogo zaidi, ila ni mengi zaidi, na jumla yake ni karibu ile ile. Wanasayansi walipima jambo hili kwa gololi za chuma: ukizimimina tu chomboni, gololi zenyewe hujaza takriban asilimia 60 ya nafasi, ukizitikisa vizuri, hufika kama asilimia 64, na hapo hukwama.

Yupo anayewashinda: mama anayepanga machungwa sokoni. Akiyapanga kwa mkono, kila chungwa likikaa kwenye kibonde kati ya machungwa ya chini yake, machungwa hujaza asilimia 74 ya nafasi. Mnajimu Johannes Kepler alisema mwaka 1611 kwamba hakuna mpango mwingine wa mipira iliyo sawa unaoweza kuupita huo. Ilichukua karibu miaka 400 kulithibitisha jambo hilo kihesabu. Thomas Hales alitangaza uthibitisho wake mwaka 1998. Kwa hiyo hata mkono wenye ustadi kuliko yote, ukipewa vitu vya ukubwa mmoja, huacha zaidi ya robo ya nafasi ikiwa tupu.

Njia ya kutoka hapo ni moja: acha kutumia ukubwa mmoja.

Ndogo ndani ya mapengo ya kubwa

Sasa nachukua ndoo nyingine ya kokoto, hii ikiwa kavu. Namwaga juu yake mchanga mkavu, natikisa, naongeza. Mchanga unazama. Ndoo haijapanda hata unene wa kidole, lakini imezidi kuwa nzito. Mchanga umeingia palipokuwa na hewa.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mawe yanayojaza asilimia 60, yakiacha 40 tupu. Ndani ya hiyo 40 mimina mchanga mdogo sana kuliko mawe, nao ujaze asilimia 60 ya nafasi hiyo, yaani 24. Sasa umefika 84. Zimebaki 16. Ndani yake tia unga laini kuliko mchanga, nao ujaze sehemu ile ile: umepata karibu 10 zaidi. Umefika asilimia 93 na ushei, bila kubonyeza chochote kwa mashine.

Hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza, punje ndogo lazima iweze kupita kwenye tundu lililo kati ya punje kubwa. Mipira mitatu iliyogusana huacha tundu ambalo mpira mdogo hupita tu ikiwa upana wake haufiki hata sehemu moja ya sita ya ule mkubwa. Ukichanganya kokoto za milimita 20 na za milimita 14, zile za 14 hazitaingia popote; zitazisukuma za 20 ziachane. La pili ni kiasi. Mchanga ukizidi mapengo yaliyopo, mawe huanza kuelea ndani ya mchanga, na ule msongamano mzuri unapotea. Chumvi ni nzuri, lakini kwa kipimo.

Mafundi, nyinyi mnalijua hili kwa mikono. Ukitaka mita moja ya ujazo ya zege, unaandaa vitu vikavu vya kama mita moja na nusu. Ile nusu inakwenda wapi? Haiibiwi. Mchanga umeingia ndani ya kokoto, saruji imeingia ndani ya mchanga, na maji yameingia ndani ya saruji.

Na hapa ndipo pesa ilipo. Pengo ambalo mchanga haukulijaza litajazwa na saruji na maji, la sivyo litabaki tundu. Saruji ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye mjengo. Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu: Duff Abrams wa Marekani alilionyesha mwaka 1918, kwamba nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Mchanga uliopangika vizuri huhitaji maji machache ili zege lilainike. Kumbe mchanga mzuri huokoa saruji na kuongeza nguvu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1907 wahandisi wawili wa Marekani, William Fuller na Sanford Thompson, walichapisha kanuni ya mchanganyiko unaoacha mapengo machache. Nawaomba muiandike, kwa sababu inakaa kichwani kirahisi. Kama kokoto kubwa kabisa ni ya milimita 20, basi nusu ya vitu vyote vikavu, saruji ikiwemo, ipite kwenye chekeche ya milimita 5. Robo ipite kwenye milimita 1 na robo. Thumni, yaani nusu ya robo, ipite kwenye chekeche ya kama milimita 0.3. Kila tundu la chekeche likipungua mara nne, kiasi kinachopita kinapungua nusu. Ni ngazi, na kila daraja lina kazi. Ukiondoa daraja moja, la juu yake linabaki na mapengo yasiyo na wa kuyajaza.

Mchanga mbichi

Sasa nawaeleza jambo lililonitokea, kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute elimu hii.

Nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya, niliwekwa kusimamia ujenzi wa darasa katika shule moja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu karai: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nilihesabu bila kukosea hata moja. Usiku wa kuamkia siku ya kumwaga nguzo ilinyesha mvua ya rasharasha, na mchanga ulikuwa umelala nje. Tulipozifungua mbao, nguzo zilikuwa na matundu kama sega la nyuki, chuma kikionekana. Kamati iliamua kwamba fundi ameiba saruji. Alifukuzwa bila malipo yake. Mimi niliyezihesabu zile karai nilijua hakuiba, lakini sikuwa na maneno ya kumtetea.

Maneno yenyewe ni haya. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo, kama asilimia 5 ya uzito wake, kila punje huvaa utando mwembamba wa maji. Tando hizo zinaposhikana, huvuta punje na kuzinatisha pale zilipogusana mara ya kwanza, kabla hazijateleza na kukaa vizuri kwenye vibonde. Mchanga unavimba. Robo nzima ya ziada ni jambo la kawaida, na mchanga laini huvimba zaidi ya hapo. Karai mbili za mchanga wa namna hiyo zina mchanga halisi wa karai moja na zaidi ya nusu kidogo. Zege letu halikupungukiwa na saruji. Lilipungukiwa na mchanga, na mapengo ya kokoto yakakosa wa kuyajaza.

Jaribio lake ni rahisi, na mtoto anaweza kulifanya. Chukua mkebe ulionyooka pande zote, ujaze mchanga mbichi hadi sentimita 20 bila kushindilia. Kisha mimina maji mpaka yaufunike mchanga, na ukoroge kwa kijiti. Maji yakiwa mengi, zile tando zinavunjika, na punje zinaachiana na kushuka. Mchanga ukikaa kwenye sentimita 16, umejua: sentimita 4 zilikuwa uvimbe, yaani robo ya mchanga halisi. Ongeza robo kwenye kila kipimo, na zege litakuwa sawa. Anayenunua mchanga kwa lori naye alijue hili, maana mchanga mbichi hulijaza lori mapema.

Jaribio la pili ni la chupa. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uache utulie saa chache. Mchanga utakaa chini, na tope laini litakaa juu yake kama utando wa rangi nyingine. Tope hilo likizidi takriban sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, uoshe kabla ya kuutumia. Tope hilo hujipaka kwenye punje na kuzuia saruji isishike.

Unga hukataa kushuka

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: ikiwa ndogo huingia kwenye pengo la kubwa, kwa nini tusisage kila kitu kiwe unga laini kabisa?

Tazameni gorogoro hii ya unga uliosagwa asubuhi. Imejaa pomoni. Nagonga ubavu wake mara kumi juu ya meza. Unga umeshuka vidole viwili. Nagonga tena, unashuka kidogo zaidi. Fanya hivyo kwa ndengu, nazo hazitashuka hata kidole. Kwa nini unga ubebe hewa nyingi namna hiyo?

Kila punje hapa duniani huvutwa na mambo mawili: uzito wake, unaoitaka ishuke, na mnato wake, unaoitaka ibaki pale ilipogusa. Ukipunguza upana wa punje mara 10, uzito wake unapungua mara 1,000, lakini mnato unapungua mara 10 tu. Kwa kokoto, mnato si kitu. Kwa punje iliyo chini ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mnato huanza kushindana na uzito. Kwa unga wa saruji, ambao chembe zake nyingi ziko chini ya nusu ya hapo, mnato ndio hutawala. Chembe zikigusana zinang'ang'aniana, zinajenga madaraja madogo juu ya mapengo, na chini ya kila daraja kuna hewa. Ndiyo maana saruji ikimwagwa kutoka kwenye mfuko wa kilo 50, zaidi ya nusu ya nafasi inayochukua ni hewa, ingawa punje yenyewe ya saruji ni nzito mara tatu ya maji.

Mmeona uhusiano wake na mchanga mbichi. Kinachofanywa na tando za maji katika mchanga ndicho kinachofanywa na mnato wa asili katika unga. Ugonjwa ni mmoja, na dawa ni moja: zivunje zile kamba zinazofunga chembe, ndipo zitateleza na kukaa kwenye nafasi zake. Katika zege, maji pamoja na dawa za kulainisha hufanya kazi hiyo, zikizitenganisha chembe za saruji zisifanye madonge. Chembe zikishatengana, hata unga laini kuliko saruji unaweza kuingia kati yake. Majirani zetu wa Mwea wana makapi ya mpunga. Yakichomwa kwa moto uliodhibitiwa na majivu yake yakasagwa laini, yana silika inayoungana na chokaa ya saruji na kujaza matundu yaliyo madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Lakini majivu hayo yakitiwa bila kipimo, hunywa maji mengi na kuharibu zege. Laini pekee haitoshi, lazima iwe imetengana na iwe na pengo la kuijaza.

Ukuta wa Kiambere

Sasa tuelekee mtoni. Maji ya Tana yanayofika hapa yameshapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Bwawa letu ndilo la mwisho katika mfululizo huo, lilianza kujengwa mwaka 1983 na kituo chake cha umeme kikazinduliwa mwaka 1988. Mitambo yake miwili ina uwezo wa megawati 168. Wengi huwaza kwamba maji hayo yote yamezuiwa na ukuta wa zege. Sivyo. Bwawa la Kiambere ni la udongo na mawe. Kinachozuia ziwa ni punje zilizopangwa.

Bwawa la aina hiyo hujengwa kwa tabaka zilizosimama ubavu kwa ubavu. Katikati ni kiini cha udongo wenye chembe laini sana, ambao mapengo yake ni madogo kiasi kwamba maji hupenya kwa taabu kubwa. Pande za nje ni mawe na changarawe, zenye uzito wa kusimamisha kila kitu. Udongo wa kiini huwekwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa. Ralph Proctor, mhandisi wa Los Angeles, alionyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho, ukishindiliwa nacho, hubanana kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu sana, chembe hukataa kuteleza. Ukiwa na maji mengi, maji yenyewe hushika nafasi ya udongo.

Kati ya kiini na mawe kuna tabaka ambayo macho hayaioni tena bwawa likishakamilika: chujio la mchanga na changarawe. Bila chujio, maji yanayopenya kwenye kiini hubeba chembe moja moja na kuzipitisha kwenye mapengo makubwa ya mawe, mpaka mfereji unachimbika kutoka ndani. Karl Terzaghi, baba wa elimu ya udongo, aliweka kanuni ya chujio hilo: punje ndogo za chujio zisizidi mara nne au tano ya punje kubwa za udongo unaolindwa. Mapengo ya chujio yanakuwa madogo ya kuzuia udongo, na bado ni makubwa ya kupitisha maji. Tarehe 5 Juni 1976, bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilibomoka wakati linajazwa kwa mara ya kwanza, na watu 11 wakafa. Udongo wake laini ulisombwa kupitia nyufa za mwamba ambazo hazikuzibwa wala kuwekewa chujio la kutosha. Bwawa lilikuwa refu na jipya. Lililokosekana ni punje za ukubwa unaofaa mahali panapofaa.

Na mto wenyewe ni chekeche. Unapoingia kwenye ziwa lililotulia, huachia kokoto kwanza, kisha mchanga, kisha tope. Punje ya mchanga ya sehemu moja ya kumi ya milimita hushuka mita 10 za maji kwa kama dakika 20. Chembe ya udongo mfinyanzi ya mikroni 2 hushuka kama sentimita 30 kwa siku, kwa hiyo mita hizo 10 huzimaliza kwa mwezi mzima. Kila shamba lisilo na matuta huko juu linatuma chembe zake kwenye maziwa haya, nazo huchukua nafasi ya maji. Mkulima anayechimba tuta huko analinda umeme wa huku.

Tufanye nini

Ninawaomba mambo matatu.

Mafundi, kila mjengo uwe na sanduku la kupimia lenye ujazo unaojulikana, na mkebe wa kujaribia uvimbe wa mchanga. Jaribio huchukua dakika 10. Lifanyeni kila asubuhi, na kila mvua inaponyesha.

Vikundi vya ujenzi na vyama vya akiba, nunueni seti moja ya chekeche mshirikiane. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na saruji inayopotea kujaza mapengo ambayo mchanga bora ungeyajaza.

Walimu, majaribio yote niliyoyafanya hapa yanahitaji ndoo, jagi, mkebe na chupa. Hakuna maabara inayohitajika. Wapeni wanafunzi mchanga wa korongo lao wenyewe, waupime, waandike, walinganishe. Mtoto aliyepima pengo kwa mkono wake hatalisahau.

Na kamati zote zinazojenga madarasa, zahanati na matangi: nguzo ikitoka na matundu, msianze na fundi. Anzeni na mchanga. Yule fundi wa shule ile sikuweza kumtetea siku ile, na hakuna aliyemrudishia jina lake. Ndoo hii na jagi hili ninaviacha hapa Kiambere. Mwenye mchanga na aulete, tuupime.